Kiti Kilichohama

KIBARAZANI
Na Rehema Shomari

Kuna kopo la baking poda lililowanyima watu wazima usingizi. Limepangwa na wenzake kwenye rafu ya stoo ya hoteli, ndani ya The Shining, filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1980, na ubavuni limechorwa kichwa cha mwenyeji wa asili wa Amerika mwenye kilemba cha manyoya. Chapa yake ni Calumet, jina la kiko cha amani cha wenyeji hao. Mwandishi wa habari Bill Blakemore aliliona, na mwaka 1987 akaandika gazetini kwamba filamu nzima, pamoja na shoka lake na lifti inayotapika damu, inazungumzia mauaji ya wenyeji wa Amerika.

Simcheki. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya kanga hana ubavu wa kumcheka mtafuta fumbo. Kwetu jina la kanga lilisomwa kabla rangi haijaangaliwa, na mama mmoja akitokea arusini na doti mpya, ukumbi mzima ulishajua nani kasemwa. Tena Blakemore ana pa kushika: mapema ndani ya filamu meneja wa hoteli anataja kwamba jengo limesimama juu ya makaburi ya wenyeji. Mwanahistoria Geoffrey Cocks yeye ameona mauaji ya Wayahudi humo humo, kwa namba 42 inayojirudia na kwa taipureta ya Kijerumani aina ya Adler, yaani tai. Hapo nakuna kichwa kidogo, lakini bado ni usomaji. Mtu anasema alichokiona, nawe unakubali au unamwachia mwenyewe.

Kisha wapo watu wa mwezini.

Kwa hao, na Jay Weidner ndiye msemaji wao mkubwa, Kubrick alikodiwa na serikali ya Marekani kutengeneza picha za uongo za Apollo 11, safari ile ya Julai 1969, halafu siri ikamkaa kooni mpaka akaitoa kwa mafumbo ndani ya The Shining. Ushahidi wenyewe: mtoto Danny amevaa sweta lenye roketi na maandishi ya Apollo 11. Na chumba cha kutisha, ambacho katika riwaya ya Stephen King ni namba 217, kwenye filamu kimegeuka 237, kwa kuwa kufika Mwezini, wanasema, ni maili 237,000. (Wastani unakaribia 239,000, ila tusiwabane kwa maili elfu mbili.)

Mtoto wa kaka yangu ndiye aliyenionesha kipande cha video chenye madai hayo kwenye simu. "Shangazi, mzee kakiri mwenyewe."

"Kakiri kwa nani?"

Akanitazama kama nimeuliza bei ya mvua. Lakini fumbo lina mlengwa wake. Anayejifunga kanga ya kijembe anataka mtu mmoja pale mtaani aisome na chakula kimshinde. Huyu wetu amefumba miaka kumi na moja baada ya tukio, kwa sweta la mtoto, kwa mlengwa asiyejulikana, akasubiri afe ndipo watu waanze kusimamisha picha moja moja. Kungwi angemrudisha unyagoni.

Tuje kwenye namba ya chumba. Hoteli inayoonekana kwa nje ni Timberline Lodge, iliyoko kwenye mlima Hood, jimbo la Oregon. Wenye hoteli wanacho chumba namba 217, wakahofu wageni watakikimbia, wakaomba kibadilishwe. Namba 237 hawanayo. Siku hizi hoteli yenyewe inasema kwamba 217 ndicho chumba kinachoombwa kuliko vyote.

Sweta je? Mwaka 2013 Leon Vitali, msaidizi wa Kubrick kwa miaka mingi, alizungumza na gazeti la New York Times kuhusu Room 237, filamu ya Rodney Ascher ya mwaka uliotangulia. Humo wafasiri hawa wanasikika wakieleza nadharia zao bila sura zao kuonekana hata mara moja. Vitali alisema muda mwingi alikuwa akivunjika mbavu. Sweta lilifumwa na rafiki wa mbunifu wa mavazi, Milena Canonero, kwa sababu Kubrick alitaka nguo iliyoonekana kuwa ya kazi ya mkono. Makopo yaliwekwa kwa rangi zake zinazong'aa. Taipureta ilikuwa ya Kubrick mwenyewe.

Nilipofika hapo ndipo nilipoelewa ninachogombea na watu wa njama. Kwenye simulizi zao hakuna wafanyakazi. Yupo bwana mmoja, mwenye akili kama shetani, na dunia yote inatoka kichwani mwake ikiwa imeshapangwa. Mfumaji hayupo. Hayupo kijana aliyetumwa kununua makopo, hayupo fundi aliyepaka rangi ukuta, hayupo mtu wa hoteli mwenye hofu ya kukosa wageni. Na Apollo nayo imefutwa watu vivyo hivyo. Ule mradi uliajiri watu wapatao 400,000, kuanzia wahandisi mpaka kina mama walioshona nguo za wanaanga kwa cherehani, mshono kwa mshono. Kina mama hao wanaondolewa, anawekwa mwanamume mmoja mwenye kamera.

Nakiri kwamba Kubrick alijitakia kidogo. Alikuwa mwongozaji asiyechoka kurudia. Waigizaji walirudishwa kwenye onyesho moja mara kadhaa wa kadhaa mpaka wengine wakalia. Aliwahi kuwa na leseni ya urubani, kisha akaja kuogopa ndege, akajifungia Uingereza na kuiita dunia imfuate huko. Vietnam ya Full Metal Jacket ni kiwanda cha gesi kilichoachwa huko Beckton, mashariki mwa London, kilichopandwa miti ya jamii ya mnazi iliyoagizwa. New York ya Eyes Wide Shut ilijengwa studio za Pinewood. Hata ile Afrika ya nyani mwanzoni mwa 2001: A Space Odyssey ni picha za mnato zilizopigwa jangwani Namibia na watu wake, kisha zikaakisiwa kwenye skrini studioni Borehamwood, yeye mwenyewe asikanyage huku. Mtu wa namna hiyo ukiambiwa kajenga Mwezi chumbani, unasita. Ongeza kwamba Barry Lyndon ya mwaka 1975 ina maonyesho yaliyopigwa kwa mwanga wa mishumaa, kwa lenzi za Zeiss zilizotengenezwa awali kwa ajili ya NASA. Alizinunua, wenzetu wanasema alilipwa. Na mahojiano alitoa kwa kubania sana. Asiyejieleza huelezwa.

Ila Mwezi wa Kubrick tunao, tuutazame. Umo ndani ya 2001, iliyotoka Aprili 1968. Milima yake imechongoka kama meno ya papa, kama wachoraji walivyozoea kuichora. Picha za Apollo zilipokuja zilionesha vilima butu, vya mviringo, visivyovutia. Wanaanga wa Kubrick wanateremka shimoni kwa hatua za mtu anayekwenda sokoni. Wale wa kweli walirukaruka kama watoto. Na kwenye filamu za safari za 1971 na 1972, vumbi linalotimuliwa na kigari cha mwezini linapanda na kushuka kwa mkunjo mmoja safi bila kutanda, maana hapana hewa ya kulishika. Laiti angekuwa ni yeye, tungepata Mwezi mzuri zaidi.

Cha kusikitisha zaidi ni mzaha uliogeuka ushahidi. Mwaka 2002 Mfaransa William Karel alitoa Opération Lune, filamu iliyojifanya ya hali halisi, ikisimulia jinsi Kubrick alivyotengeneza safari ya Mwezini. Ndani yumo Henry Kissinger, yumo Donald Rumsfeld, yumo mjane wa Kubrick, Christiane. Baadhi ya mashahidi ni waigizaji waliopewa majina ya wahusika wa filamu za Kubrick mwenyewe, na mwishoni, majina yakipita, unawaona wakikosea maneno na kucheka. Karel alitaka kuonesha jinsi picha inavyoweza kudanganya. Vipande vyake sasa vinazunguka kwenye simu bila ule mwisho. Mwaka 2016 binti wa Kubrick, Vivian, ilibidi ajitokeze hadharani kukana kwamba baba yake alishiriki uongo huo.

Vivian huyo huyo, akiwa msichana, alipita na kamera kwenye seti ya The Shining na kutengeneza filamu fupi ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama. Utamwona baba yake akigonga taipureta, anaandika upya kurasa za siku ileile. Jack Nicholson anaeleza kwamba ameacha kuhangaika na muswada aliopewa, kwa kuwa kila siku zinakuja kurasa mpya. Huyo ndiye mpangaji wa kila nukta: amechelewa, anabahatisha, anajaribu hili na lile.

Hata kifo chake hakikuachwa kipumzike. Alikufa usingizini kwa mshtuko wa moyo tarehe 7 Machi 1999, akiwa na miaka 70, siku chache baada ya kuwaonesha watu wa studio ya Warner filamu yake ya Eyes Wide Shut. Kwa kuwa filamu ina karamu ya siri ya matajiri waliovaa vinyago, imesemwa kwamba ameuawa na dakika nzima nzima zimekatwa. Kilichofanywa kinajulikana: kwa watazamaji wa Marekani, baadhi ya uchi ulizibwa kwa watu waliochorwa na kompyuta, filamu ipate daraja la umri lililotakiwa.

Jumamosi niliirudia The Shining, peke yangu, taa zikiwaka. Kuna onyesho ambamo Jack, baba yake Danny, ameketi mezani anaandika, mkewe anamjia, anafokewa. Nyuma ya Jack, ukutani, pana kiti. Kamera inamgeukia mke, inarudi kwa Jack: kiti hakipo. Baadaye kipo. Najua kabisa ni mbeba viti, amekisogeza kupisha taa au miguu ya kamera, akasahau kukirudisha, akaenda kunywa chai.

Nikarudisha nyuma. Nikasimamisha. Nikasogea karibu na kioo cha televisheni mpaka joto lake likanipiga usoni. Mara ya nne mume wangu akatoka chumbani, saa sita ya usiku, akauliza ninatafuta nini.

"Kiti," nikamwambia.