Kitanda cha Huria na Kunguni Wake

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii ingefaa kubandikwa juu ya mlango wa kila karakana ya programu huria. Waingereza wenyewe huiita hitilafu ya kompyuta mdudu, na wenye karakana hizo wamezoea kumwuliza mlalaji: una hakika umeumwa?

Ahadi ya programu huria ni njema, wala sina nia ya kuibeza. Tangu Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983, na Linus Torvalds alipoileta Linux mwaka 1991, ulimwengu umeambiwa kwamba msimbo ulio wazi ni wa wote: yeyote ausome, autumie, aurekebishe, augawe. Mwaka 1997 Eric Raymond akaja na hoja iliyogeuka kuwa itikadi, kwamba macho yakiwa mengi hakuna hitilafu itakayoshindikana. Kuhusu macho nakubali. Swali langu ni la kinywa. Jicho likiona na kinywa kikazibwa, wingi wa macho una faida gani?

Tuchukue mfano unaotugusa sisi watu wa lugha. Mtunga programu anayefikiri kwa Kiingereza huandika neno moja lenye maana ya kufutwa, akalipachika nyuma ya nomino yoyote. Kiingereza hakijali ngeli, kwa hiyo haoni tatizo. Kwetu sisi, picha imefutwa, ujumbe umefutwa, kitabu kimefutwa, faili limefutwa. Vivyo hivyo ukurasa ni mpya, faili ni jipya na kitabu ni kipya. Mfasiri amepewa tundu moja la kujaza neno moja. Alijaze kwa lolote, atakosea mahali fulani. Kosa hilo limo ndani ya msimbo, na dawa yake inajulikana: sentensi iandikwe nzima badala ya kuungwa vipande vipande, na kila neno lipewe muktadha wake. Gettext, chombo kinachotumiwa na programu nyingi huria, kina nafasi maalumu ya kuandikia muktadha huo. Kinachokosekana ni mtu wa kusikiliza.

Mwenye lugha basi apeleke taarifa. Atafungua akaunti, atajaza fomu kwa Kiingereza, atataja toleo la programu na mfumo wa kompyuta yake, ataeleza hatua kwa hatua jinsi kosa linavyotokea. Hayo ni haki kudaiwa, kwa maana asiyeeleza ugonjwa wake hatibiki. Baada ya hapo ni kimya. Kimya kikivunjika, huvunjwa na mojawapo ya majibu matatu. La kwanza: kwangu inafanya kazi. La pili: lipeleke kwa wafasiri. Nao wafasiri watamrudisha kwa watunga programu, awe mpira baina ya timu mbili zisizotaka kufunga. La tatu: msimbo uko wazi, rekebisha mwenyewe.

Jibu hili la tatu ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu limevaa joho la uhuru. Msomaji akimwonyesha malenga kwamba mshororo wake umepungukiwa na mizani, malenga hamjibu kwa kumwambia akatunge diwani yake. Huhesabu silabi. Akiona kweli imepungua, hushukuru na kusahihisha. Akiona haikupungua, hutoa hoja yake. Kusikia ila ni kipaji kimoja, kuiondoa ni kipaji kingine, na hakuna fani iliyostawi kwa kumdai kila mwenye sikio awe pia na mkono.

Kuna na roboti. Miradi mingi siku hizi imeajiri programu inayopita katika daftari la hitilafu, ikikuta taarifa iliyokaa siku kadhaa bila kuguswa huiandikia kwamba imechakaa na kuifunga. Aliyenyamaza ni mwenye karakana, anayeadhibiwa ni mgonjwa. Ugonjwa huu ni wa zamani kuliko roboti zenyewe. Mwaka 2003 Jamie Zawinski, mmoja wa waasisi wa mradi wa Mozilla, alilalamika kwamba programu huandikwa upya, taarifa zote za nyuma hufungwa kwa kisingizio cha toleo jipya, na hitilafu zilezile huzaliwa tena. Kwamba taarifa haichakai kuna ushahidi: mwaka 2023 Firefox ilirekebisha hitilafu iliyokuwa imeripotiwa mwaka 2002. Ilirekebishwa kwa kuwa ilikuwa bado imeandikwa mahali. Daftari lingefagiwa, mrekebishaji angeikuta wapi?

Nitajibiwa kwamba watunzaji wa programu hizi hujitolea, wamechoka, na wengine hutukanwa. Ni kweli. Hitilafu iitwayo Heartbleed ilikaa ndani ya OpenSSL tangu mwaka 2012 hadi ilipofichuliwa mwaka 2014, na dunia ikashtuka kugundua kuwa ulinzi wa tovuti zake nyingi ulikuwa mikononi mwa watu wachache mno. Anayemtukana mtunzaji wa namna hiyo hana adabu. Lakini mtoa taarifa naye amejitolea. Uchovu unahalalisha kuchelewa. Hauhalalishi kuandika “imefungwa” juu ya jambo lililo wazi kama kidonda. Kama hamna nguvu, andikeni: tunaijua, hatuna wa kuirekebisha. Maneno hayo hayagharimu kitu, na aliyeyasoma hataondoka akiwa amedharauliwa.

Nadai basi mambo matatu. Roboti isifunge taarifa ambayo hakuna mtu aliyeijibu. Kiingereza kibovu kisiwe sababu ya kuikataa taarifa iliyo sahihi. Na kosa la lugha lihesabiwe kosa, kwa uzito uleule wa kosa la hesabu.

Nasi tuna deni letu. Kulalamika barazani kwamba Kiswahili cha kompyuta ni kibovu, kisha tukarudi kutumia kompyuta kwa Kiingereza, hakumponyi mtu. Anayejua ngeli aandike: maneno yaliyoonekana ni haya, yanayotakiwa ni haya, sababu ni hii, na aieleze kwa mtu ambaye hajawahi kusikia kwamba nomino zina ngeli. Aliyezoea kupima mizani hawezi kushindwa na kazi hiyo. Mlango ukifungwa, aubishe tena, kwa beti ikibidi:

Mwenye kitanda sikia, mlalaji nasimama,
Kunguni nakutajia, mahali wanapouma,
Usije kunifungia, mlango kwa kunisema,
Ufa ukiuachia, ukuta utainama.