Kama si sisi, nani ataandika Kama?

Wandugu na dada wa Kama, wa Kindu na wa Maniema yote,

Chukua simu yako utafute neno "Kama" kwenye intaneti. Utaona "kama hii", "kama ile", "kama vile". Mji wetu unapotea ndani ya sarufi ya Kiswahili. Ongeza "Maniema", ndipo mambo machache yanatokea, na mengi yameandikwa na watu wa mbali: ramani, madini, vita. Bei ya mihogo sokoni, siku daktari anapita, pesa wazazi wanalipishwa shuleni ingawa masomo ya msingi yalitangazwa kuwa bure tangu 2019, hayo yote sisi tunayajua lakini hatuyaandiki mahali yanaweza kupatikana.

Njo maana mwezi huu harakati yetu inasema neno moja: kila kundi la mtaa lijifunze kutengeneza ukurasa wa wavuti, kuanzia sifuri, na simu ile ile iko mfukoni.

Tunajua mutajibu nini. "Kompyuta hatuna. Rezo inasumbua. Umeme haiko. Na sisi hatukusoma informatike." Kusema kweli, hata wale walisoma hawakushika mashine. Kati yetu kuna wenye licence waliosoma informatike ubaoni, profesa akichora klavye kwa chaki. Wengine walilipa miezi mitatu ya mafunzo, wakatoka wanajua kuandika barua tu. Kwa hiyo usifikiri wenye diploma wanajua na weye hujui. Kwa jambo hili tuko wote darasa la kwanza.

Ukurasa wa wavuti ni maandishi tu. Fungua programu ya kuandikia kwenye simu, uandike hivi:

<h1>Kama</h1>
<p>Huu ni mji wetu, uko Maniema.</p>

Hifadhi faili kwa jina index.html, kisha uifungue na kivinjari. "Kama" itatokea kwa herufi kubwa nzito, na sentensi itakaa chini yake. Lugha hiyo inaitwa HTML. Alama ya h1 inaambia kivinjari kwamba hiki ni kichwa, p ni aya, a ni kiungo cha kupeleka msomaji kwenye ukurasa mwingine, table ni jedwali. Ukisahau kufunga h1, maneno yote yanayofuata yatakuwa makubwa kama kichwa. Usiogope, haujaharibu kitu. Rudi, funga alama, fungua tena. Simu zingine zinaongeza .txt mwisho wa jina bila kukuuliza, na hapo utaona alama zenyewe badala ya ukurasa. Ondoa hiyo .txt, basi. Ukijua alama kumi hivi unaweza tayari kufanya kazi ya raia. Rangi na mapambo yatakuja kiisha.

Angalia vizuri: kwa hayo yote haukununua hata mega moja. Faili iko kwako, na kivinjari kinaisoma bila rezo.

Hilo si jambo dogo kwa sisi Wakongomani. Januari 2015, wakati watu walipinga sheria ya uchaguzi, Leta ilikata intaneti. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, ilikata tena nchi nzima, na mtandao ulirudi kiisha siku karibu 20. Kila kitu tulikuwa tumeweka kwenye akaunti za mitandao ya kijamii kilibaki mbali na sisi. Lakini faili ya HTML inapita toka simu hadi simu kwa bluetooth ao kwa kadi ya memwari, hata kama wamekata. Na ni nyepesi: picha moja ya simu inaweza kuwa na mega 4, na ukurasa wa maandishi matupu unaweza kuwa na kilobaiti 5. Ile nafasi ya picha moja inabeba kurasa 800. Kwa mji wenye rezo dhaifu, tuandike maneno kwanza, na picha tuzipunguze kabla ya kuziweka.

Hakuna mtu wa kuomba ruhusa. Tim Berners-Lee alipendekeza mfumo huu mwaka 1989 akifanya kazi CERN, kule Geneva, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliuachia watu wote bure. Mtoto wa Kama ana haki juu yake sawasawa na mtoto wa Geneva.

Jirani zetu wa Kenya walishaonyesha kazi yake. Mwaka 2006 Ory Okolloh na Conrad Akunga walianzisha Mzalendo, tovuti ya kufuatilia kazi ya wabunge. Tovuti ya Bunge lenyewe ilikuwa imefungwa kiisha wabunge kulalamika juu ya wasifu wao kuwekwa hadharani. Mwezi wa Mei 2025 Rose Njeri alikamatwa Nairobi juu alitengeneza ukurasa wa kusaidia raia kutumia Bunge barua pepe ya kupinga Muswada wa Fedha. Tarehe 20 Juni mahakama ilikataa mashtaka yale. Ukurasa wa kutuma barua pepe, na ulimpeleka mtu kizuizini! Wenye mamlaka wanajua nguvu ya kitu hiki kuliko sisi.

Kwa hiyo tuwe na akili. Kwetu kuna Sheria ya Digitali ya tarehe 13 Machi 2023, yenye adhabu ya kifungo kwa mtu anayeeneza habari ya uongo juu ya mwengine. Andika tu yale uliona na macho ao yaliyo kwenye karatasi uliyoshika mkononi. Weka tarehe kwa kila habari, juu bei ya mwezi jana si bei ya leo. Usiweke jina la mgonjwa, la mtoto, wala la mama aliyekuambia kiasi alichotozwa. Ukikosea, rekebisha na useme wazi umerekebisha. Ukurasa wa matusi unafungwa na watu wanacheka. Jedwali la taksi, lenye kiasi kinachoandikwa kwenye risiti na kiasi kinachodaiwa njiani, ni gumu kulijibu.

Hatuuzi ndoto. HTML haitakupa kazi siku ya kwanza ya juma, na anayekuahidi dola kwa wiki mbili za mafunzo anataka zako. Sisi wenyewe bado tunatafuta kazi. Lakini miaka tunayongojea kazi isipite mikono ikiwa mitupu.

Kwa viongozi wa Kama na wa jimbo, tunadai mambo mawili: bajeti na orodha ya taksi halali zibandikwe ukutani pa ofisi, ili tuzinakili. Kwa shule, parokia na misikiti yenye kompyuta, tunaomba mlango ufunguliwe siku moja kwa juma. Kwa weye unayesoma: kabla ya mwezi kuisha, kila mtaa ulete ukurasa mmoja, hata wa mistari kumi. Tutaviunganisha kwa viungo, mtaa kwa mtaa, na nakala itabaki kwenye simu za watu wengi, ili siku watakata intaneti tena, kazi yetu isikatike.

Jina la mji wetu lina swali ndani yake. Kama si sisi, nani?

Tuko pamoja.