Kasha Liundwe Hapa, Spika Tununue

Kamati ya kanisa au ya shule inapochanga fedha za vyombo vya sauti, aghalabu wajumbe hugawanyika. Wapo wanaoshikilia kwamba spika ya kuaminika ni ile iliyotoka kiwandani ikiwa kamili, na wapo wanaodai kwamba fundi wa mtaani ataunda kubwa zaidi kwa bei nafuu. Nimeketi katika vikao vya aina hiyo, na kwa maoni yangu swali lenyewe huulizwa vibaya, maana spika si kitu kimoja bali ni viwili.

Kwanza kuna koni, koili na sumaku, muundo ambao Chester Rice na Edward Kellogg waliutangaza huko Marekani mwaka 1925 na ambao hadi leo ndio utumiwao katika spika nyingi. Hiyo ni kazi ya kiwanda, nasi hatuna budi kuinunua. Pili kuna kasha. Koni inaposukuma hewa upande wa mbele huivuta upande wa nyuma, na pasipo kasha mawimbi hayo mawili hukutana na kuangamizana, hasa yale ya sauti nzito. Kasha basi si pambo. Ni nusu ya chombo chenyewe, na nusu hii seremala wa Gikomba anaweza kuiunda vyema kuliko viwanda vingi, ambavyo hubana gharama kwa kutumia plastiki na mbao hafifu. Isitoshe, anayeagiza spika kubwa kutoka ng'ambo hulipia hata nauli ya hewa iliyomo ndani yake.

Sikwambii udanganyifu wa wati. Mara ngapi, msomaji, umeona redio iliyobandikwa maandishi ya wati elfu kadhaa, ilhali kibandiko kidogo kilicho nyuma, karibu na waya wa umeme, kinakiri kwamba chombo kizima hula wati zisizofika 100?

Hata hivyo, siwaungi mkono wanaomkabidhi fundi kazi hii na kumwachia akisie. Mwaka 1961 mhandisi Neville Thiele wa Australia alionyesha jinsi ya kukokotoa kasha linaloifaa spika fulani, na Richard Small akaiendeleza hesabu hiyo katika Chuo Kikuu cha Sydney mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kutokana na kazi yao, watengenezaji makini hutoa karatasi ya vipimo vya kila spika. Karatasi hiyo ndiyo hutupwa kwanza. Matokeo yake ni masanduku yanayovuma kama mtungi mtupu, mwalimu mkuu asisikike anasema nini.

Tuseme karatasi inataka lita 45. Fundi anakata sanduku la sentimita 30 kwa 30 kwa 50, kwa mbao za unene wa milimita 18, lakini anapima nje. Ndani hubaki lita 32 hivi. Zaidi ya robo ya ujazo imeliwa na mbao! Fundi huyo si mjinga. Karatasi imeandikwa kwa lugha asiyoitumia kazini, na lawama hii, nasema nikiwa mtu wa isimu, yawaangukia wataalamu wa istilahi kabla ya kumfikia seremala. Ujazo, kipenyo na unene ni maneno ambayo watoto wa shule za msingi nchini Tanzania huyatumia katika hesabu. Kwetu yamebaki katika kurasa za msamiati. Hata kipaza sauti chetu ni jina la kile kinachosemewa na pia la kile kinachotoa sauti, kana kwamba sikio na mdomo ni kiungo kimoja.

Kwa muziki wa sebuleni, spika ndogo zilizokamilika zatosha na hakuna haja ya kujisumbua. Lakini kwa ukumbi wa shule au kanisa, kamati na inunue spika tupu katika maduka ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi, idai karatasi yake, kisha imwendee seremala. Kabla ya kumpa arubuni, imwulize: lita hizi utazipima ndani au nje?