Mbachao na Msala Upitao: Mavazi ya Kale, Filamu za Jana na Kumbukumbu za Utotoni

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu, uliochakaa pembe na kupauka rangi, lakini ndio uliokwisha kumzoea mwenyewe. Msala ni wa mpitanjia, naye akiondoka ataondoka nao. Methali hii inastahili kukumbukwa katika kipindi hiki ambapo vijana wengi wa vyuo vikuu nchini Kenya wameingiwa na mapenzi ya mambo ya kale. Yupo mwanafunzi anayerauka alfajiri kwenda Gikomba kutafuta gauni la marinda la miaka ya 1960 au suruali pana miguuni ya miaka ya 1970. Yupo anayekesha akitazama filamu zisizo na rangi. Yupo pia anayesaka katika simu yake vipande vya vipindi alivyovitazama utotoni, akavicheka peke yake hadi jirani yake bwenini akashangaa.

Mapenzi hayo yamezua kauli mbili zinazokinzana. Wa kwanza hudai kwamba ni njia ya kuyakimbia maisha. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Wa pili husifu kila kilichovaliwa au kutazamwa zamani, kana kwamba umri pekee hukipa kitu thamani. Pande zote mbili zimekosa shabaha. Kuyapenda ya kale si kosa, wala si utoto. Kosa ni kuyapenda ya kale ya watu wengine, ambayo wenyewe wamekwisha kuyahifadhi, huku ya nyumbani yakiachwa yaoze bila hata kuandikwa majina.

Yafaa kwanza izingatiwe hamu hiyo ya utotoni imejengwa kwa nini hasa. Kwa Wakenya wengi, vazi la utotoni ni lile la Krismasi au la Idi: nguo iliyoshonwa na fundi wa sokoni, ikaachwa kubwa makusudi ili mtoto akue ndani yake. Ni safari ya kwenda kupigwa picha studioni, mbele ya pazia lililochorwa maua au ndege, baba akiwa na tai, mama akiwa amejifunga leso juu ya gauni, na watoto wakiwa wamekatazwa kutabasamu. Kwa waliokua baadaye kidogo, ni suruali ya Savco au viatu vya North Star, vilivyotosha kumfanya kijana atembee akitazama miguu yake mwenyewe.

Sinema nayo ilikuwa na adabu zake. Katika miji midogo na vijijini, gari lenye vipaza sauti lilizunguka mchana likitangaza kwamba kuna sinema leo, na jioni kitambaa cheupe kikatundikwa katika uwanja wa shule. Matangazo ya sabuni na majani ya chai yalitangulia, kisha filamu. Watoto hawakumwita shujaa wa filamu mhusika mkuu. Walimwita stelingi, neno lililochipuka kutokana na Kiingereza cha mabango ya sinema. Kanuni ilijulikana na wote: stelingi hafi. Mwanafunzi wa fasihi anayesomea leo nadharia za uhusika alikwisha kupokea somo lake la kwanza akiwa amekaa nyasini, pekupeku.

Ni wazi basi kwamba vazi na filamu si mapambo matupu. Ni hati, nazo husomeka. Kanga, au leso kama inavyoitwa Mombasa, ni ushahidi bora. Neno leso lenyewe lina asili ya Kireno na lilimaanisha kitambaa cha mkononi. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yanayoandikwa upande wa chini wa mji. Majina ya kanga za kwanza yaliandikwa kwa hati za Kiarabu. Baadaye herufi za Kilatini zikashika nafasi. Katika barabara ya Biashara, Mombasa, lipo duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanzishwa mwaka wa 1887, ambalo kanga zake zimetambulikana kwa vizazi kwa alama ya Mali ya Abdulla. Bibi anayelifungua kasha lake na kuzitoa kanga alizozihifadhi tangu arusi yake, kisutu kikiwa juu, huwa anafungua diwani ambayo haijawahi kuhaririwa. Humo mna mafumbo, mna vijembe, mna dua, mna siasa za mwaka fulani. Ni wangapi miongoni mwa wanafunzi wa Kiswahili waliowahi kuketi na nyanya zao wakaandika majina hayo, pamoja na sababu iliyofanya kila moja linunuliwe?

Kinyume cha kanga ni nguo ya mtumba. Mtumba kwa asili ni furushi tu, na jina hilo linaeleza mengi. Nguo iliyomo ndani yake imefika bila habari. Hajulikani aliyeivaa, wala sherehe aliyoivalia. Biashara hiyo ilipanuka mno kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990, soko lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje, wakati ambapo viwanda vya nguo vya humu nchini vilikuwa vikiyumba. KICOMI cha Kisumu kilifungwa. Rivatex cha Eldoret kilisimama hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipokinunua mwaka wa 2007, kikazinduliwa upya mwaka wa 2019. Kwa hiyo kijana anayejivunia gauni la kale kutoka Gikomba aghalabu huwa amevaa kumbukumbu ya mji wa Ulaya au Marekani, ilhali kitambaa kilichofumwa Kisumu, ambacho huenda mama yake alikivaa akienda kumwandikisha darasa la kwanza, hakimo katika makumbusho ya nyumba yake.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba cha kigeni hakiwezi kuwa cha nyumbani. Fundi wa Gikomba anayelipunguza gauni, akalibadilisha kola na kuongeza mfuko, huwa amelipa jina jipya. Vivyo hivyo katika filamu. Katika vibanda vya video, DJ Afro wa Kenya, sawa na marehemu Lufufu wa Tanzania, alizichukua filamu za Marekani, Hong Kong na kwingineko akazisimulia upya kwa lugha ya watazamaji wake, akawapachika wahusika majina na tabia za mtaani. Huo ni usanii wa fasihi simulizi uliovaa koti la teknolojia. Walakini sanaa hiyo nayo, iliyowalea maelfu ya watoto, haijapata nafasi inayostahili katika mitalaa na tasnifu za Kiswahili. Hapo ndipo penye kasoro: kilichofanyiwa kazi na watu wa hapa huhesabiwa kuwa mchezo, na kilichotoka mbali huitwa sanaa.

Mfano ulio bayana zaidi ni ule wa filamu ya Out of Africa ya mwaka wa 1985. Filamu hiyo, iliyopigwa nchini Kenya, ilishinda tuzo 7 za Oscar, na mavazi yake yaliyobuniwa na Milena Canonero yalipendekezwa kwa tuzo. Kofia pana na nguo za kaki za walowezi ziliwafanya watu duniani kote waitamani Kenya ya miaka ya 1910 na 1920. Mwaka mmoja baadaye, nyumba ya Karen Blixen ilifunguliwa kuwa makumbusho. Hakuna ubaya kuitunza nyumba hiyo. Lakini je, Mkenya anayeitazama filamu hiyo na kuingiwa na huzuni tamu anaikumbuka Kenya ya nani? Katika miaka hiyo babu zake walikuwa wakibeba vipande shingoni na kutozwa kodi ya kichwa. Huzuni hiyo ni ya kuazima.

Vipindi vya Vitimbi na Vioja Mahakamani havikupata tuzo ya Oscar. Televisheni ilianza nchini mwaka wa 1962, na kupitia Sauti ya Kenya, ambayo mwaka wa 1989 ilirejea kuitwa KBC, watu waliokuwa hawajawahi kuonana walijifunza kucheka pamoja kwa Kiswahili. Suti na miwani ya Mzee Ojwang, vitambaa vya kichwani vya Mama Kayai, na lafudhi za kila pembe ya nchi zilizosikika mbele ya hakimu, ni kamusi ya mavazi na usemi wa Kenya ya wakati wake. Benson Wanjau, aliyeigiza Mzee Ojwang, alifariki mwaka wa 2015. Kila mwigizaji wa kizazi chake anapoondoka kabla ya kuhojiwa kwa kina, yapo maelezo ambayo hayatapatikana tena.

Majumba ya sinema nayo yamebakia majina. Makanga wa matatu Nairobi huita abiria wa Odeon, na madereva hupita Globe kila siku, wengi wao wakiwa hawajui kwamba wanataja majumba ya filamu. Shan, lililokuwa jumba la sinema huko Ngara, angalau lilipata bahati ya kugeuzwa ukumbi wa sarakasi na ngoma. Mengine yalikuwa makanisa na maduka, baada ya kanda za video kuwafanya watu wajifungie nyumbani.

Pingamizi moja yapasa kujibiwa kwa uaminifu. Yasemwa kwamba anayeyasifu ya kale huyasahau maumivu yake. Ni kweli. Kati ya mwaka wa 1935 na 1937, jaribio la filamu lililokuwa na makao yake Vugiri, Tanganyika, liliwaonyesha Waafrika wa Afrika Mashariki jinsi wakoloni walivyotaka waishi. Mnamo Januari 1969, Tanzania huru ilianza Operesheni Vijana iliyopiga vita sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana. Malawi ya Kamuzu Banda iliwakataza wanawake suruali kwa sheria. Nairobi nako, Novemba 2014, wanawake waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani. Isitoshe, Okot p'Bitek katika Wimbo wa Lawino, uliotoka kwa Kiingereza mwaka wa 1966, alimfanya Lawino amcheke Clementine kwa rangi zake za midomo na nywele zake za bandia. Yale yaliyochekwa wakati huo kuwa uigaji ndiyo yanayosakwa leo kuwa urithi.

Lakini hoja hiyo haimzuii mtu kuyahifadhi ya kale; yamlazimu kuyahifadhi yote. Sketi fupi ya shangazi iliyofichwa chini ya sanduku ina habari za uhuru na za woga kwa pamoja. Ikitupwa, atakayebaki kuisimulia ni yule aliyeikataza.

Fauka ya hayo, muda hausubiri mjadala uishe. Filamu za asetati zikihifadhiwa penye joto na unyevu huanza kuoza na kutoa harufu kali ya siki. Zikifikia hapo, hazirudi. Kanda za video nazo hufifia. India, ambayo filamu zake zilijaza majumba ya Mombasa na Nairobi, ina Hifadhi ya Taifa ya Filamu tangu mwaka wa 1964, lakini Alam Ara ya mwaka wa 1931, filamu yake ya kwanza yenye sauti, haina nakala hata moja inayojulikana kubakia. Ikiwa taifa lenye sinema kubwa kiasi hicho limepoteza kito kama hicho, seuze nchi ambayo haijaanza kuhesabu ilicho nacho?

Kenya haikosi mfano wa kuiga. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka wa 1966, alipenda vitu vya kale kwa dhati. Alikusanya vitabu, vitambaa, mapambo na michoro, na sehemu kubwa ya mkusanyo wake inaonekana leo katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue. Pamoja na mkewe Sheila na Alan Donovan, alianzisha African Heritage mwaka wa 1972, ambako mavazi ya Kiafrika yalionyeshwa kwa fahari. Mapenzi yake hayakuishia machoni. Yaligeuka kazi.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuianza kazi hiyo bila kungoja fedha za serikali. Kila mwanachama aendapo likizo na aandike nyuma ya picha za ukoo majina ya waliomo, mwaka, na jina la kila vazi kwa lugha ya mwenye picha. Na akusanye majina ya kanga 10 pamoja na visa vyake. Na amrekodi fundi cherehani mmoja mzee akitaja mitindo aliyoishona na maneno aliyoyatumia. Na viongozi wa vyama waviombe vituo vya utangazaji kufungua hazina zao za vipindi vya zamani kwa watafiti.

Gauni la Gikomba na livaliwe, na filamu za kale zitazamwe kwa furaha. Ila kasha la bibi lisisubiri siku ya matanga ndipo lifunguliwe, maana siku hiyo kutakuwa na nguo, lakini hatakuwapo wa kuzisoma. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.