Tusiifute Hesabu Isiyolingana na Kitabu

Iko desturi moja katika maabara ambayo yafaa tuiache. Mwanafunzi akipima kitu, na hesabu yake isilingane na ile ya kitabu, huifuta upesi akaandika ya kitabu. Kwa maoni yangu, huko ni kutupa mali. Natoa mfano.

Mwaka 1928, huko Calcutta, Bara Hindi, Bwana C. V. Raman na K. S. Krishnan waligundua kwamba nuru ikipiga molekuli, sehemu yake ndogo sana hutawanyika ikiwa imebadilika rangi, na kila aina ya molekuli huibadili kwa namna yake. Basi nuru hiyo yatujulisha ni kitu gani kilichopo. Taabu yake ni kwamba ni hafifu mno.

Mwaka 1974, wataalamu watatu wa Southampton, Uingereza, waliuparuza uso wa fedha kwa nguvu za umeme, nao ukashika molekuli za piridini. Nuru ikaja kwa nguvu. Walieleza kwamba uso wenye vinundu una nafasi kubwa, kwa hiyo hushika molekuli nyingi. Jibu hilo lilipendeza, na wengi wangeishia hapo. Lakini mwaka 1977 Jeanmaire na Van Duyne, wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walipiga hesabu wakaona haikubali: nuru ilizidi mara 100,000 hata 1,000,000, na molekuli zilizokuwapo hazikutosha kuileta. Albrecht na Creighton wa Kent, Uingereza, waliona vivyo hivyo mwaka huo huo.

Sababu kubwa ni vinundu vyenyewe. Ni vidogo kuliko wimbi la nuru, hata hupimwa kwa nanomita, na milimita moja ina nanomita 1,000,000. Nuru ikivipiga, elektroni za fedha hutikisika pamoja, na nguvu ya nuru hukusanyika katika nafasi nyembamba zilizo baina ya vinundu. Leo nyuso za namna hiyo hutengenezwa makusudi, kwa fedha au dhahabu, na huweza kutambua hata mabaki madogo ya dawa ya wadudu juu ya matunda.

Pengine mtu atasema kwamba hesabu ikikosana na kitabu, mara nyingi kosa ni la mwanafunzi. Ni kweli. Lakini atalijuaje kosa lake naye amekwisha kulifuta? Na aiandike, apime tena, kisha aulize. Waalimu wetu twawaomba watoe maksi kwa hesabu iliyoandikwa kwa uaminifu. Nanyi wazazi, mtoto arudipo nyumbani, mwulizeni kwanza, “Umeona nini?” ndipo mwulize, “Umepata ngapi?”