Aliyedhulumiwa Ashitaki Wapi?

Mfanyabiashara wa Kisumu anunuaye dagaa wa Mwanza, ambao sisi wa upande huu twawaita omena, ana kadhia ambayo babu yake hakuijua, kwani tangu miaka ya 1920 hadi 1966 shilingi moja, ile ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ilipokewa Kisumu, Mwanza na Jinja pasipo kubadilishwa, ilhali leo ziwa la miji hii ni lile lile na sarafu ni tatu, na kila ibadilishwapo moja kwa nyingine faida hupungua. Si ajabu basi kwamba wapo waliovutwa na USDT, sarafu ya mtandaoni ifungamanishwayo na dola ya Marekani, ambayo huvuka mpaka kwa dakika chache bila kumwomba mtu ruhusa.

Walakini Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza mwezi wa Novemba 2019 kwamba sarafu za namna hii haziruhusiwi nchini humo. Ile ya kwetu, ya Kenya, ilikwisha kutoa onyo mwaka 2015, bila kufika hadi ya kuharamisha. Kisha mwaka 2023 Kenya ikazitoza kodi ya asilimia 3, na mwaka uliofuata Tanzania, iliyozikataza, nayo ikatoza kiasi kile kile. Haramu gani hii itolewayo zaka?

Madhara ya katazo humwangukia mnyonge. Katika mauzo ya mtu kwa mtu, muuzaji huiacha sarafu yake amana ndani ya programu, mnunuzi hutuma shilingi kwa simu, na muuzaji akikiri kuzipokea, amana huachiliwa. Hapo ndipo hadaa hupenya, ama kwa ujumbe wa kughushi ulioigwa herufi kwa herufi, ama kwa malipo ya kweli ambayo mtumaji, akiisha kuitia sarafu kibindoni, huyadai yarudishwe kwa kisingizio kwamba alikosea namba. Aliyefanyiwa hayo Mwanza aende polisi akaseme nini, ilhali ushahidi wake wa kwanza ni kwamba yeye mwenyewe alifanya lililokatazwa? Tapeli alijua hayo kabla ya kutuma.

Sidharau hofu ya serikali juu ya fedha haramu. Kenya iliwekwa katika orodha ya kimataifa ya nchi za kuangaliwa kwa sababu hiyo Februari 2024. Ila naona sheria aliyotia sahihi Rais Ruto Oktoba 2025, iwatakayo wafanyao biashara ya sarafu za mtandaoni wapate leseni chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ni bora kuliko katazo, maadamu humpa aliyedhulumiwa mtu wa kumshitaki. Upungufu wake ni kwamba nguvu zake zakoma Isebania, ilhali mzigo unatoka Sirare, ng'ambo ya mpaka. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliahidiana mwaka 2013 kuwa na sarafu moja ifikapo 2024, na mwaka huo ukapita. Maadamu hilo limewashinda, benki kuu za pande tatu za ziwa zikubaliane japo jambo dogo: lalamiko lililoandikwa Kisumu lipokewe Mwanza na Kampala, na mlalamikaji asihesabiwe mhalifu.