Damu Chooni Isikisiwe

Mtoto atokwapo na damu akienda haja kubwa, aghalabu hupewa dawa ya minyoo. Damu ikirudi, hupewa ya amiba. Ikirudi tena, watu wazima hunong'ona habari za bawasiri, maradhi yasiyo ya kawaida kwa watoto. Katika kukisia huko, husahauliwa vinyama viotavyo ndani ya utumbo mpana, ambavyo madaktari huviita polipu.

Vinyama hivyo huwapata hasa watoto wenye umri wa miaka 2 hadi 10. Dalili yake kuu ni damu nyekundu isiyoandamana na maumivu. Mara nyingi huwa kimoja tu, wala si saratani. Daktari hukiondoa kwa kifaa chenye kamera, bila kupasua tumbo. Kikiachwa, damu ipoteayo kidogo kidogo humdhoofisha mtoto, naye huenda akaitwa mvivu darasani. Vikifika vitano au zaidi, au ikiwa maradhi hayo yamo katika ukoo, hatari ya saratani ukubwani huongezeka, na hapana budi achunguzwe mara kwa mara.

Mzazi asilaumiwe peke yake. Dawa ya minyoo ni rahisi, ilhali kifaa hicho kimo katika hospitali chache kubwa. Hata hivyo, kidole cha daktari chenye glavu chaweza kukigundua kinyama kilicho karibu na njia ya haja kubwa. Basi zahanati zipime kabla ya kurudia dawa, na walimu wawazoeze wanafunzi kusema bila haya. Mficha uchi hazai.